Svalbard au Visiwa vya Faroe: mpenda miamba aanzie wapi?

Ikifika Machi, theluji inapoanza kulegea hapa Bergen, simu yangu haitulii. Waswahili wenzangu waliotawanyika Oslo, Malmö na Copenhagen wanapanga likizo ya kiangazi, wana akiba kidogo, na wanataka kufika "kaskazini kabisa" angalau mara moja kabla ya kurudi nyumbani. Wanajua niliwahi kufundisha Jiografia sekondari, na kwamba visiwa vya pande zote mbili nimeshavikanyaga. Swali ni lilelile: twende Svalbard au Faroe?

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa mawe. Kama hamu yako ni mianga ya kaskazini, huhitaji kisiwa. Nenda Tromsø Januari uvae vizuri. Hapa nalinganisha ardhi yenyewe: ilitokea wapi, imekaaje, na lile ambalo watu hulikumbuka wakiwa wameshalipa nauli, yaani kama utaweza kuifikia kwa miguu yako.

Kwa asiye na muda wa kusoma: safari ya kwanza, siku 5, pesa za kuhesabu, nenda Faroe. Ukiwa na nafasi moja tu maishani na mfuko unaruhusu, nenda Svalbard, na uende Agosti. Februari usiende, hata kama picha zake zinavutia. Sababu zinafuata.

Ukubwa na mahali

Faroe ni visiwa 18 vilivyokaa baharini kati ya Iceland, Norwei na Uskoti, nyuzi 62 kaskazini. Vyote kwa pamoja ni kilomita za mraba 1,399, pungufu ya Unguja peke yake. Wakazi wamepita 54,000, nao wameenea visiwa vyote isipokuwa Lítla Dímun, kilichoachiwa kondoo na ndege. Popote utakaposimama, bahari haiko mbali zaidi ya kilomita 5. Kilele kirefu, Slættaratindur, kina mita 880. Mtu mwenye mapafu ya kawaida anapanda na kushuka kabla ya chakula cha mchana.

Svalbard, visiwa vya Norwei, ni habari nyingine. Inaanzia Bjørnøya, nyuzi 74, inapanda mpaka nyuzi 81, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 61,000 hivi. Chukua mkoa wa Ruvuma mzima, upunguze kidogo, halafu uondoe watu karibu wote: wanaoishi Svalbard hawafiki 3,000, na wengi wao wako mji mmoja, Longyearbyen, kwenye kisiwa kikubwa cha Spitsbergen. Zaidi ya nusu ya ardhi imefunikwa na barafu. Kofia ya barafu ya Austfonna, iliyoko kisiwa cha Nordaustlandet, ina kilomita za mraba karibu 8,000. Faroe yote ingeingia humo zaidi ya mara tano. Mlima mrefu kuliko yote, Newtontoppen, una mita 1,713, nao ni jiwe la graniti.

Kote kuwili watu wanaishi kwa hisani ya mkondo wa maji ya uvuguvugu unaopanda Atlantiki kutoka kusini. Ndiyo maana bahari ya Faroe haigandi, na ndiyo maana meli hufika pwani ya magharibi ya Spitsbergen wakati sehemu nyingine za nyuzi hizo duniani zimefungwa na barafu.

Faroe: chapati juu ya chapati

Jiolojia ya Faroe unaweza kumweleza mtoto wa darasa la nne akakuelewa, na hilo kwangu ni sifa. Miaka kama milioni 60 iliyopita Greenland na Ulaya zilikuwa bado zimeshikana. Ganda la dunia lilipoanza kuvutwa huku na huku, likapasuka, na lava ikatoka kwenye nyufa ndefu. Usifikirie mlima mmoja wenye mdomo kama Ol Doinyo Lengai. Fikiria uwanda mzima unaomwagiwa uji wa moto, unapoa, unakaa, unamwagiwa tena. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka milioni kadhaa, hadi bahari ya Atlantiki ya Kaskazini ikafunguka na kuziacha pande mbili zikitazamana kwa mbali. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ya kuelewa jambo hili haraka, kwa sababu Bonde la Ufa liko kwenye njia hiyohiyo, ila halijafika baharini.

Kilichobaki ni basalti, tabaka juu ya tabaka, jumla ya unene unaopita kilomita 6, sehemu kubwa ikiwa chini ya maji. Kijijini Lopra, kusini ya kisiwa cha Suðuroy, walichimba kisima cha utafiti mwaka 1981, wakakirudia 1996 na kukifikisha mita 3,565. Hata hapo hawakufika chini ya miamba ya volkano.

Ukitaka kuyaona haya kwa karibu huhitaji mlima. Tafuta tu mahali barabara ilipokatwa ubavuni mwa kilima. Niliwahi kusimama sehemu kama hiyo kisiwani Streymoy, mvua ya kunyunyiza ikiniingia shingoni, nikagusa tabaka moja moja kuanzia chini. Basalti nyeusi, ngumu. Juu yake mstari mwekundu mwembamba, laini, unaobaki kidoleni kama udongo wa Moshi. Halafu basalti tena. Ule wekundu ni majivu ya volkano na udongo uliopata muda wa kukaa juani, kuoshwa na mvua na kupata kutu kabla lava iliyofuata haijaufunika. Kila mstari mwekundu ni kipindi cha mapumziko. Ukitazama upande wa juu wa tabaka la lava utaona matundu ya mapovu, na ndani ya matundu mna fuwele nyeupe zinazoitwa zeoliti, zilizoletwa na maji ya moto yaliyokuwa yakipita kwenye jiwe. Wakusanya madini wanaifahamu Faroe kwa fuwele hizo.

Mapumziko marefu kuliko yote yaliacha makaa ya mawe. Baada ya lava za mwanzo, zile nene zinazoonekana Suðuroy, Mykines na magharibi ya Vágar, volkano ililala, vinamasi na misitu vikaota. Lava ilipoanza tena, ikafukia kila kitu. Ndiyo maana Hvalba, Suðuroy, watu wamekuwa wakichimba makaa kwenye vishimo vidogo tangu karne ya 18. Na karibu na Tvøroyri, kijijini Froðba, kuna lava iliyopoa polepole ikakatika kuwa nguzo zenye pembe, zimesimama bega kwa bega kama mianzi. Aliyefika Hell's Gate pale Naivasha anajua ninachosema.

Kisha barafu ikaja kuchonga. Leo Faroe haina barafuto (mto wa barafu unaoteremka mlimani) hata moja, lakini enzi ya barafu iliacha mabonde yenye umbo la bakuli juu milimani, na mikono ya bahari iliyonyooka kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, kana kwamba mtu alikwangua visiwa kwa reki. Matabaka yenyewe yamelala kwa mteremko mdogo kuelekea mashariki. Mawimbi ya Atlantiki yanapiga upande wa magharibi na kaskazini. Kwa hiyo upande mmoja wa kisiwa ni nyasi zinazoteremka taratibu hadi kijijini, upande wa pili ni ukuta. Enniberg, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Viðoy, inaanguka mita 754 moja kwa moja baharini.

Kuna picha moja inayosambaa sana: ziwa la Leitisvatn linaloonekana limening'inia juu ya bahari kwa mamia ya mita. Picha inadanganya. Ziwa liko mita 30 na kidogo tu juu ya bahari. Ni pembe ya mpigapicha na ukuta wa Trælanípa mbele yake. Nenda tu, panapendeza, lakini usije ukanilaumu.

Svalbard: sanduku la bibi

Kama Faroe ni chapati, Svalbard ni lile sanduku la mbao la bibi lenye kanga za tangu harusi yake. Kila kipindi kimeacha doti yake, na kwa sababu hakuna msitu wala nyasi ndefu za kuficha, zote zinaonekana kutoka chomboni. Ni vigumu kutaja mahali pengine Ulaya unapoweza kupitia historia ndefu kiasi hicho ndani ya wiki moja.

Chini kabisa ni miamba mikongwe, mingine ikiwa na zaidi ya miaka milioni mia kadhaa, iliyokunjwa na kubanwa Greenland na Skandinavia zilipogongana zamani zile, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Mingi iko kaskazini na pwani ya magharibi, na ukanda huo wa magharibi ukaja kubanwa tena baadaye, Greenland ilipojikwaruza kupita kando ya Spitsbergen. Mholanzi Willem Barentsz alipofika mwaka 1596 aliona vilele vyake vilivyochongoka akaviita hivyo hivyo: Spitsbergen, milima yenye ncha. Upande wa kaskazini, maeneo ya Andrée Land na Woodfjorden, kuna mawe mekundu ya mchanga yenye mabaki ya samaki wa kale. Mito inayopita hapo huteremka na maji ya rangi ya matofali.

Sasa msikilize mtu wa ikweta. Mawe hayo mekundu yalipokuwa yakiwekwa, miaka karibu milioni 380 iliyopita, kipande hiki cha ardhi kilikuwa karibu na ikweta. Watafiti wamekuta hata visiki vya misitu ya wakati huo vikiwa vimesimama palepale vilipoota. Toka hapo bamba la ganda la dunia lililokibeba limekuwa likisogea kaskazini, sentimita chache kwa mwaka, mpaka lilipo leo. Mara ya kwanza niliposimulia hili darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza kama Tanga nayo itafika huko. Nilimwambia asianze kununua koti.

Hapa kuna kosa ambalo hata waongoza watalii hulifanya, na linafaa kunyooshwa. Svalbard ina makaa ya mawe ya zama mbili tofauti. Yale ya Pyramiden, mji wa Warusi uliofungwa mwaka 1998, ni ya zamani sana, ya wakati ardhi bado iko maeneo ya joto karibu na ikweta. Yale ya Longyearbyen yana miaka kama milioni 60 tu. Wakati huo kisiwa kilikuwa tayari kimefika mbali kaskazini na usiku mrefu wa majira ya baridi ulikuwepo kama leo. Kilichoruhusu misitu kuota ni dunia nzima kuwa na joto kuliko sasa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "makaa yanaonyesha hapa palikuwa ikweta," muulize: makaa yapi? (Ya kwetu kule Ngaka, Ruvuma, ni ya rika lingine kabisa, si haya wala yale.)

Hiyo zama ya pili unaweza kuishika mkononi. Nyuma ya Longyearbyen kuna barafuto ya Longyearbreen, na mbele yake rundo la kifusi ambacho barafu imekisukuma kutoka mlimani. Tulipanda watu sita, mwongozaji akiwa na bunduki begani kwa ajili ya dubu. Alitupa nyundo, akasema chagueni mawe bapa ya kijivu. La kwanza halikuwa na kitu, la pili nalo hivyo hivyo. La tatu lilifunguka kama kitabu kilicholowana kikakauka, na ndani mlikuwa na jani pana, ukubwa wa kiganja changu, mshipa wa katikati na ya pembeni yote ikihesabika. Jani la mti uliopukutisha majani mahali ambapo leo mti mrefu kuliko yote haukufiki kwenye kifundo cha mguu. Limekaa humo zaidi ya miaka milioni 50. Nilibaki nimechuchumaa hadi mwongozaji akaja kuuliza kama goti limeniuma.

Katikati ya zama hizo mbili za makaa yamejaa mengine. Jasi nyeupe ya Skansbukta ni ya bahari iliyokauka kwenye jua kali. Mlima wa Tempelet una kuta zilizojipanga kama nguzo za hekalu. Mawe meusi ya matope yamehifadhi mifupa ya majitu ya baharini. Wachimbaji kutoka Oslo walifukua karibu na Longyearbyen mnyama mkubwa wa aina ya pliosauri, ambaye magazeti yalimpigia tarumbeta miaka hiyo. Na pale Festningen, mlangoni mwa hori la Isfjorden, matabaka yamesimamishwa wima, hivi kwamba ukitembea ufukweni unapita mamilioni ya miaka kila baada ya hatua chache. Ni msukumo uleule wa Greenland ulioyainua. Mwaka 1960 wanajiolojia waliokuwa matembezini walikuta hapo nyayo za dinosauri, na leo eneo zima linalindwa kisheria kwa ajili ya mawe yake.

Kuna hata volkano, Sverrefjellet, kaskazini huko Bockfjorden, mpya kwa hesabu za kijiolojia, na jirani yake chemchemi za vuguvugu zinazotoka kwenye ardhi iliyoganda. Huko sikufika. Ni safari ya meli ya siku nyingi.

Na usisahau barafu iliyo chini ya miguu. Svalbard ardhi imeganda daima, mita 100 hivi mabondeni na mamia ya mita milimani. Juu ni kama mita moja tu inayoyeyuka kiangazi. Nyumba za Longyearbyen zinasimama kwenye nguzo zisiyeyushe ardhi zikazama, na mabomba ya maji yanapita juu, nje, wazi, kama ya kiwandani. Ghala la mbegu la dunia lililofunguliwa mwaka 2008 limechimbwa mita zaidi ya 100 ndani ya mlima kwa sababu ya ubaridi huo, na mbegu hukaa kwenye nyuzi -18. Lakini mambo yanabadilika haraka: mwaka 2016 maji ya theluji iliyoyeyuka na mvua yaliingia mlangoni mwa handaki lake. Mbegu hazikuguswa, ila mlango ulibidi ujengwe upya. Miongo ya karibuni joto la visiwa hivi limepanda kwa kasi ambayo sehemu chache sana duniani zimewahi kuiona.

Je, utayafikia mawe yenyewe?

Hapa ndipo mizani inapoinama. Svalbard ina hazina kubwa zaidi, lakini imefungwa kwa kufuli. Barabara zote hazizidi kilomita 50, na hakuna barabara inayounganisha mji na mji. Pembezoni mwa Longyearbyen kuna bango lenye picha ya dubu mweupe, chini yake limeandikwa kwa Kinorwei kwamba onyo hilo linahusu Svalbard yote. Halitanii. Ukitoka nje ya makazi lazima uwe na njia ya kumfukuza dubu, na mamlaka zinashauri bunduki. Kwa mgeni maana yake ni moja: unalipia mwongozaji, kila siku, kila matembezi. Kuanzia Januari 2025 sheria zimekazwa pia: meli zinazoingia hifadhini zisizidi abiria 200, na kushuka ufukweni kunaruhusiwa sehemu 43 tu ndani ya hifadhi hizo. Mimi naziunga mkono, lakini zinapandisha bei, tusidanganyane.

Faroe unakodi gari uwanja wa ndege wa Vágar, na jioni hiyohiyo umeshagusa basalti. Visiwa vikubwa, isipokuwa Suðuroy, vimeunganishwa, vingi kwa mahandaki yanayopita chini ya bahari. La Eysturoy, lililofunguliwa Desemba 2020, lina urefu wa kilomita 11 na linashuka mita 187 chini ya usawa wa bahari; katikati yake, kilindini humo, kuna mzunguko wa barabara, na nguzo ya katikati ya mzunguko huo ni mwamba wenyewe walioubakiza. Mpenda jiolojia anapita mara mbili. Mimi nilizunguka mara tatu mke wangu akaniambia inatosha, kila kuingia kunalipiwa. (Kuzunguka ndani hakulipiwi, lakini sikubishana.)

Kufuli la Faroe ni ukungu. Tulipanda Slættaratindur asubuhi iliyoonekana njema, na kileleni sikuona zaidi ya viatu vyangu. Tórshavn huwa na nyuzi 3 au 4 wakati wa baridi na 10 au 11 kiangazi. Si baridi ya kutisha, ila mvua inakuja na kuondoka mara kumi kwa siku. Weka siku za akiba. Jua pia kwamba ardhi ni ya wakulima na kondoo wao, na baadhi ya njia maarufu hulipiwa. Ukikuta kiingilio, lipa, usirukie uzio.

Msimu

Mwenye kwenda kuona mawe aende mawe yakiwa wazi. Svalbard hiyo ni mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Septemba. Februari na Machi ni msimu wa pikipiki za theluji, mzuri kwa wengine, ila kila kitu nilichokisimulia hapo juu kiko chini ya shuka jeupe. Joto la Julai Longyearbyen ni nyuzi 6 au 7. Jua halizami kuanzia karibu tarehe 20 Aprili hadi 22 Agosti, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari halichomozi. Waislamu wenzangu wanaouliza swala ya Magharibi mahali jua halizami, waulizeni masheikh kabla ya kusafiri. Mimi nilifuata saa za mji wa karibu wenye machweo, na rafiki yangu akafuata za Makka.

Faroe panafaa kuanzia Mei hadi Septemba. Juni mwanga hauishi kabisa, na ndege wa baharini wamejaa kwenye kuta.

Viza, sehemu inayoumiza

Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki asome hapa mara mbili. Svalbard yenyewe haidai viza kwa raia wa nchi yoyote, kutokana na hali yake ya pekee iliyotokana na mkataba wa 1920. Lakini ndege zinapitia Norwei, na Svalbard iko nje ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukitoka Oslo kwenda Longyearbyen unahesabiwa umetoka. Ukirudi unaingia upya. Kwa hiyo viza yako ya Schengen lazima iruhusu kuingia mara mbili au zaidi. Jamaa yangu mmoja alikuwa na ya mara moja. Aligundua akiwa kaunta, mkoba wa makoti mazito mkononi, na safari ikaishia hapo.

Faroe nayo iko nje ya Schengen ingawa iko chini ya ufalme wa Denmark. Viza ya kawaida ya Denmark haitoshi. Lazima iwe imeandikwa kwamba inafaa pia Visiwa vya Faroe. Omba hivyo tangu mwanzo ubalozini, usisubiri. Wenye vibali vya kuishi nchi za Nordiki mambo yao ni mepesi zaidi, lakini bebeni pasipoti.

Nani aende wapi

Mwalimu wa Jiografia, au mzazi mwenye watoto wa sekondari, aende Faroe. Mtoto ataona tabaka, atagusa wekundu, ataelewa bahari inavyozaliwa, na hakuna atakayewakataza kusimama kando ya barabara. Mwenye magoti mabovu pia, kwani mengi yanaonekana kutoka garini. Anayeogopa mashua asijidanganye: uzuri wa Suðuroy unafikiwa kwa feri.

Mwanafunzi wa jiolojia asifikirie mara mbili, aende Svalbard, na kama anaweza atafute kozi kwenye chuo cha UNIS pale Longyearbyen, kilichoanza 1993. Huo ndio mlango wa bei nafuu kuliko utalii. Anayetaka kuona barafu kubwa hana chaguo lingine kati ya haya mawili. Na yule aliyekulia joto, akitamani kushika mkononi jani lililoota nchi ya usiku mrefu, naye aende Svalbard, hata kama itabidi aweke akiba miaka miwili. Mimi niliweka mitatu.

Ukishaamua, hili dogo la kuondoka nalo. Svalbard, chukua mashua ya siku moja ya kwenda Pyramiden, ukae upande wa kulia wakati wa kwenda: utapita Diabasodden, mwamba mweusi uliojipenyeza katikati ya matabaka ukiwa moto, na mbele yake mlango wa Tempelfjorden. Skansbukta iko kushoto, itazame wakati wa kurudi. Faroe, panda feri ya Tórshavn kwenda Suðuroy, saa mbili hivi, ukae kulia vilevile. Visiwa vitapita upande huo kimoja baada ya kingine, Lítla Dímun mwishoni, na chombo kikigeuka kuingia horini, Froðba iko mkono huohuo.